Mchanga wetu unapata joto, na mayai ya kasa yamo ndani yake

Mhariri,

Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, mabango hutundikwa kuanzia Malindi hadi Lamu, watoto wa shule huandamana, na hotuba hutolewa kuhusu mabadiliko ya tabianchi na wanyama walio katika hatari ya kuangamia. Kesho yake mvuvi hutoka na jarife lake kama kawaida, na hoteli huwasha taa zake zinazomulika ufuo mzima. Hatuwalaumu. Wameambiwa wajali, hawakuambiwa wafanye nini, saa ngapi, wala kwa njia gani. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze jambo moja tu kwa urefu, nalo ni kasa na mchanga anaotagia. Hapo joto la dunia limeshaingia ndani ya ufuo wetu, na hapo mtu wa pwani, awe mvuvi, bawabu wa hoteli au mwanafunzi, ana kazi ya kufanya usiku huu huu.

Katika maji ya Kenya wanapatikana kasa wa aina tano. Watatu hutaga kwenye fuo zetu: kasa wa kawaida, yule mkubwa anayekula nyasi za baharini, ng'amba mwenye mdomo uliochongoka, na kigome, aliye mdogo kuliko hao wawili. Duvi na noa huonekana kwa nadra. Hutaga karibu mwaka mzima, lakini wengi hupanda ufuoni kati ya Machi na Julai, kaskazi inapokatika na kusi kushika. Jike mmoja wa kasa wa kawaida huweka takriban mayai 100 hadi 120 katika kiota kimoja, hurudi baada ya wiki mbili hivi akataga tena, mara kadhaa kwa msimu, kisha hukaa miaka miwili hadi minne kabla ya kurejea. Naye si mnyama wa kukua haraka. Huchukua miaka 20 hata 35 au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza, kwa hiyo kiota kinachoharibika leo, pengo lake litaonekana wakati watoto wa leo wamekuwa wazazi. Hili ndilo linalowapoteza wengi: kasa wakubwa bado wanaonekana wakiibuka kuvuta pumzi, na mtu hudhani mambo ni salama.

Yai la kasa linapotagwa halijawa dume wala jike. Kinachoamua ni joto la mchanga, hasa katika theluthi ya katikati ya siku 50 hadi 60 ambazo mayai hukaa chini. Mchanga ukiwa karibu na nyuzijoto 29 za Selsiasi, vifaranga hutoka nusu kwa nusu. Ukishuka chini ya 28, karibu wote huwa madume. Ukifika 31, karibu wote huwa majike. Ukipanda juu ya 33 na kubaki huko kwa muda mrefu, mayai huanza kufia shimoni, na vifaranga wachache wanaotoka huwa dhaifu, hawatambai wala hawaogelei sawasawa. Kati ya kiota cha madume na kiota cha majike kuna nyuzi tatu tu. Katika miaka ya 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto la wastani la nyuzi 1.1 zaidi ya lile la nusu ya pili ya karne ya 19. Mtu akiisikia nyuzi moja redioni huiona ndogo, maana mwili wake hauhisi tofauti kati ya mchana wa nyuzi 31 na wa nyuzi 32. Kiota huhisi.

Yaliyowafika kasa wa Australia yanatosha kututisha. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo kuhusu kasa wa Great Barrier Reef, na wakaonyesha kwamba miongoni mwa kasa wadogo waliotoka kwenye fuo za kaskazini, zilizo na joto kali zaidi, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Dume mmoja huweza kupanda majike kadhaa, kwa hiyo majike wakizidi kidogo si msiba. Msiba ni madume kwisha. Hapo jike atapanda ufuoni, atachimba, atataga mayai mia moja, na yote yatakuwa viza.

Kupima joto hili hakuhitaji maabara, na shule yoyote iliyo karibu na ufuo inaweza kulifanya. Inatosha kuwa na kipimajoto chenye waya mrefu na kichwa cha chuma mwishoni. Kichwa hicho kizikwe sentimita 60 chini ya uso wa mchanga, ambacho ni kina cha kiota cha kasa wa kawaida, au sentimita 45 kwa ng'amba na kigome. Kizikwe mahali pasipo na mayai, kimoja juani, kingine chini ya vichaka, cha tatu karibu na mstari wa maji makuu. Kisomwe mara moja kwa siku, saa ile ile, na nambari iandikwe daftarini pamoja na mvua iliyonyesha. Katika kina hicho joto halipandi na kushuka sana kwa mchana na usiku, kwa hiyo mara moja yatosha. Kinachotafutwa ni mwendo wa wiki kwa wiki. Kosa la kawaida ni kuzika kipimajoto juu juu, sentimita 10 au 15, kisha watu wakashtuka kwa nambari kubwa. Huo ni mchanga unaochoma nyayo adhuhuri, na mayai hayakai hapo. Kosa la pili ni kusahau kwamba mayai yenyewe hutoa joto. Kadiri vifaranga wanavyokua, kiota hupata joto kuliko mchanga mtupu ulio pembeni yake kwa nyuzi moja au mbili au zaidi katika wiki za mwisho. Mchanga mtupu ukisoma 32, ndani ya kiota hali ni mbaya zaidi.

Rangi ya mchanga nayo ina neno. Mchanga mweupe wa matumbawe kule Watamu hurudisha mwanga mwingi wa jua. Ule wa hudhurungi unaoletwa na mto Sabaki hadi fuo za Malindi hufyonza zaidi. Ndiyo maana nambari za ufuo mmoja zisichukuliwe kuwa za pwani nzima.

Sasa, nani anaweza kupunguza joto la ufuo? Kwa sehemu kubwa ni yule anayeacha mimea mahali pake. Mlakasa unaotambaa juu ya mchanga, mikadi na vichaka vya nyuma ya ufuo hutia kivuli na hushika mchanga usipeperushwe. Wenye nyumba na hoteli huing'oa ili wageni waone bahari bila kizuizi, na kwa kufanya hivyo hugeuza ukanda wa kutagia kuwa kikaango. Mvinje usipandwe badala yake ndani ya ukanda huo. Kivuli chake ni kizuri, lakini mizizi yake na tabaka nene la majani humzuia kasa kuchimba, na mara nyingi huishia kutaga chini zaidi, karibu na maji.

Kwa sisi wa Lamu, vilima vya mchanga vya Shela vina kazi nyingine ambayo kila mwenye kisima anapaswa kuijua: maji ya mvua huchujwa na kuhifadhiwa chini yake, na ndiyo maji matamu yanayotumika mjini. Anayechota mchanga pale kwa lori au kwa punda ajenge ukuta anapunguza maji ya watu na kuondoa ukanda wa kutagia kwa mkono huo huo. Ukuta ukishajengwa kukabili bahari, mawimbi huupiga, hurudi kwa nguvu na kukokota mchanga ulio mbele yake. Baada ya misimu michache ufuo huwa umeshuka, na kasa akipanda maji yakiwa yamejaa hukutana na mawe, hugeuka na kurudi. Usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi kati ya 1901 na 2018, na bado unapanda. Palipoachwa vilima na mimea, ufuo huweza kusogea nyuma taratibu. Palipojengwa ukuta hauna pa kwenda.

Hapo tunafika kwenye bamvua, zile siku za maji kujaa kupita kawaida, na kwenye kosa ambalo hufanywa na watu wenye nia njema kabisa. Mtu huona kiota kilichotagwa chini ya mstari wa takataka na nyasi za baharini zilizoachwa na maji makuu, akahofia kwamba bamvua ijayo itakizamisha. Hofu hiyo ni ya kweli, kwani mayai hupumua kupitia ganda, na yakikaa majini kwa saa nyingi hufa. Basi huyachimbua asubuhi, huyatia ndoo, huyapeleka juu na kuyafukia. Mengi hufa, naye hajui kamwe kwamba ni yeye aliyeyaua. Ukilichukua yai la kasa lililotagwa jana na kulitazama vizuri, utaona doa jeupe kama chokaa upande wake wa juu. Hapo ndipo kiinitete kimejishika kwenye ganda kwa ndani. Kinaanza kujishika saa chache tu baada ya kutagwa, na yai likigeuzwa baada ya hapo, ngozi nyembamba inayokishikilia hupasuka. Kwa nje yai halionyeshi dalili yoyote.

Kwa hiyo kuhamisha kiota ni kazi ya waliofunzwa na wenye kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, na hufanywa usiku ule ule wa kutaga, ikiwezekana ndani ya saa mbili na isizidi saa sita. Mayai hutolewa moja moja bila kuzungushwa, hupangwa katika ndoo yenye mchanga wa unyevunyevu kutoka shimo lile lile, hufunikwa na hubebwa kwa mkono; hayapakiwi kwenye pikipiki. Shimo jipya lazima lifanane na lile la mama: shingo nyembamba, tumbo pana chini, kina kile kile. Mayai yakishawekwa, mchanga wa unyevu hurudishwa kwanza, mkavu mwisho, kwani mkavu hupenya katikati ya mayai na kuziba hewa. Viota viachane angalau mita moja. Ikiwa pale vilipohamishiwa pana jua kali, paa jepesi la makuti lililoinuliwa mita moja hivi hushusha joto huku hewa ikipita. Lakini paa hilo lisiwekwe bila kipimajoto, wala lisiwekwe juu ya viota vyote. Kivuli kilichozidi huchelewesha kuanguliwa, na hatuna haki ya kuamua sisi kwamba msimu mzima uwe wa madume.

Kiota kilicho juu ya mstari wa bamvua kiachwe. Wewe mpita njia kazi yako ni kutambua na kutoa habari. Alama za kasa wa kawaida ni mfereji wa karibu mita moja kwa upana, wenye mikwaruzo ya mapezi inayolingana kushoto na kulia, kwa kuwa hujisukuma kwa mapezi yote mawili kwa pamoja. Za ng'amba na kigome ni nyembamba zaidi, sentimita 70 hadi 85, na mikwaruzo yake hupishana. Mwisho wa alama ukiona mchanga umetifuliwa na kurushwa nyuma kwa upana, huenda kuna mayai. Ukiona alama zimepanda, zikapinda na kushuka bila mtifuo wowote, kasa alirudi bila kutaga, na mara nyingi sababu ni taa, mbwa au watu. Usichome mchanga kwa fimbo kutafuta mayai. Weka alama ndogo pembeni, kumbuka tarehe, na uwaarifu BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, ya eneo lako au KWS. Alama zisifutwe kabla ya kupimwa. Usiku huo huo ukimkuta jike anapanda, kaa nyuma yake, usiwashe tochi wala simu, na umpe nafasi hadi amalize. Kazi yake huchukua saa moja hadi mbili.

Kuhusu taa tutasema wazi, maana hapa tatizo ni letu sote na dawa yake ni ya bei nafuu. Vifaranga hutoka usiku, mchanga wa juu unapopoa, na huelekea palipo na mwanga zaidi upeoni. Kwa miaka yote ya kasa duniani, mwanga huo ulikuwa wa bahari chini ya nyota. Leo ni taa ya veranda. Kifaranga aliyepotea hutambaa hadi barabarani, hadi kwenye bwawa la kuogelea, au hadi asubuhi, akafa kwa jua, kaa au kunguru. Ili ujue kama taa yako ni tatizo, shuka ufuoni usiku, lala kifudifudi pale viota vilipo, macho yawe karibu na mchanga. Ukiiona balbu yenyewe, au ukiinuka na kuona kivuli chako, taa hiyo inapoteza vifaranga. Balbu nyeupe ibadilishwe iwe ya rangi ya kaharabu au nyekundu, ishushwe chini ya kiuno, ivikwe kofia upande wa bahari, na mapazia ya vyumba vinavyotazama ufuo yafungwe. Taa zisizo za lazima zizimwe kuanzia saa moja jioni hadi alfajiri wakati viota vinakaribia kuanguliwa. Tarehe zinajulikana: hesabu siku 45 tangu kutagwa, kisha kaa macho kwa wiki mbili tatu. Vitanda vya jua viondolewe mchangani jioni, mashimo yaliyochimbwa na watoto yafukiwe, na magari na pikipiki zisipite ufuoni kabisa, kwani hushindilia mchanga hadi vifaranga wakashindwa kutoka, na kwa kifaranga mfereji wa gurudumu ni handaki.

Kuna desturi ya kuwaweka vifaranga kwenye beseni la maji hadi wageni wafike wapige picha, kisha wakaachiliwa kwa makofi. Iachwe. Kifaranga hutoka shimoni na akiba ya kiini cha yai inayomtosha kuogelea mfululizo kwa takriban siku nzima hadi apite ukanda wa mwamba ambako samaki wanaomla ni wengi. Akiogelea kwenye beseni saa sita, ametumia akiba hiyo akizunguka plastiki. Wala asibebwe hadi majini, atambae mwenyewe. Waliopotea wakusanywe kwenye chombo chenye mchanga wa unyevu bila maji, wafunikwe kwa kitambaa, na waachiwe gizani usiku huo huo, mita chache kutoka maji yalipo.

Ndugu wavuvi, nyinyi ndio mnaokutana na kasa kuliko mtu yeyote, na bila nyinyi haya yote ni maneno. Kasa huvuta pumzi kama sisi. Akinaswa kwenye jarife huhangaika, na kwa kuhangaika humaliza hewa haraka, kwa hiyo nyavu zilizotegwa usiku kucha bila kutazamwa humuua hata kama wavu wenyewe haukumjeruhi. Msimu wa kutaga, nyavu zisitegwe mbele ya fuo za viota, na zilizotegwa kwingine zitazamwe mara kwa mara. Nchini Peru, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba taa ndogo za kijani zilizofungwa kwenye nyavu kila baada ya mita 10 zilipunguza kasa walionaswa kwa karibu asilimia 64, na samaki waliokusudiwa hawakupungua. Ni jambo ambalo serikali ya kaunti na idara ya uvuvi wangeweza kulijaribu hapa kwa BMU chache. Kwa meli zinazokokota nyavu za kuvulia kambamiti katika ghuba ya Ungwana, kifaa kinajulikana: wavu wa vyuma uliolazwa kwa mshazari ndani ya wavu mkubwa, vyuma vikiachana takriban sentimita 10. Kambamiti hupita, kasa huteleza hadi kwenye mlango na kutoka. Hushindwa pale mabaharia wanapoufunga mlango kwa kamba wakihofia hasara, au takataka za mto zinapoziba vyuma na hakuna anayezisafisha. Wakaguzi wautazame mlango wenyewe, cheti hakitoshi.

Na ukimvuta chomboni akiwa hatikisiki, usimtupe baharini ukidhani amekufa, wala usimchinje. Anaweza kuwa amezimia tu. Mlaze kwa tumbo, gamba la mgongo likiwa juu. Inua sehemu yake ya nyuma sentimita 15 au zaidi kwa kipande cha ubao au gunia lililokunjwa, ili maji yatoke mapafuni. Mfunike kwa kitambaa kilicholoa, usizibe pua, na umweke kivulini. Usimtie kwenye pipa la maji, maana akizinduka kichwa kikiwa chini atazama. Usimlaze chali ukamkandamiza kifua. Hiyo huziba mapafu. Mguse taratibu karibu na jicho au mkia baada ya muda uone kama anajikunja. Huchukua saa nne, hata 24. Akichangamka, simamisha mashine au uiweke huru, mtelezeshe majini kichwa kikitangulia, mbali na nyavu. Ikiwa amemeza ndoana usiivute. Kata uzi karibu kabisa na ndoana, kwani uzi mrefu huweza kuharibu matumbo yake. Kule Watamu, shirika la Local Ocean Conservation limekuwa na utaratibu tangu mwaka 1998 ambapo mvuvi aliyemnasa kasa hupiga simu, kasa hukaguliwa, hutibiwa ikibidi na kuachiwa, naye mvuvi hupata kifuta jasho kwa muda wake. Utaratibu wa namna hiyo ungefaa kufika kila bandari ndogo hadi Kiunga, ambako hifadhi ya bahari ipo tangu 1979.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda kasa, lakini bado nyama yake huliwa kwa siri na mafuta yake huuzwa kama dawa. Kwa wasiojali sheria, wajali roho zao. Novemba 2021 watu saba walikufa Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakalazwa. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Hakuna ladha, harufu wala rangi ya kuitambulisha, na hakuna dawa ya kuipinga. Hospitali hutibu dalili tu. Kasa uliyemla jana bila kudhurika hakwambii lolote kuhusu wa leo. Dalili za kuwashwa na kuungua mdomoni na kooni, kutapika na kulegea huja baada ya saa chache au siku kadhaa, na watoto wadogo ndio huumia zaidi. Hata anayenyonya anaweza kudhurika kupitia maziwa ya mama aliyekula. Tunawaomba masheikh, maimamu na wachungaji walitaje hili kwa jina, na wakunga na wahudumu wa afya ya jamii wawaambie kina mama.

Plastiki imesemwa sana, hatutairudia. Tuongeze hili tu: mfuko unaoelea hufanana na konyeza, chakula cha kasa, na akishaumeza hewa hujaa matumboni, akaelea asiweze kuzama kula. Kasa anayeelea siku nzima bila kupiga mbizi hapumziki. Ni mgonjwa, na waokoaji waarifiwe.

Mhariri, ombi letu kwako ni hili. Magazeti na redio za pwani zinaweza kutangaza nyakati za maji kujaa na kupwa. Kando ya ratiba hiyo, kuanzia Machi hadi Septemba, kila wiki, ziwekwe sentensi tano: siku za bamvua na onyo kwamba viota vya chini viko hatarini, kwamba mayai yasiguswe, kwamba taa za ufuoni zizimwe, jinsi ya kumlaza kasa aliyezimia chomboni, na nambari za simu za ofisi za KWS za Malindi na Lamu. Lugha iwe ya wavuvi, na maandishi yawe makubwa kiasi cha kusomeka yakibandikwa ukutani katika banda la kupokelea samaki. Toleo la kwanza likitoka wiki ya mwisho ya Februari, BMU zitakuwa na muda wa kulikata na kulibandika kabla kasa wengi hawajaanza kupanda.

Ni sisi,
Wanaolinda viota vya kasa,
Shela, Lamu